Chupa Tupu Mlangoni, Dadaab

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo ya mafuta na mfuko wa vipande vya ngozi, nikaambiwa nikae chini nivilowanishe. Ilikuwa karakana ya maji pale Garissa, mwaka uliofuata uhuru, nami nilikuwa nimevaa shati jipya nikijiona karani. Nyinyi vijana mnaobonyeza swichi maji yakapanda hamjui kwamba pampu za zama zetu zilivuta maji kwa vikombe vya ngozi, vilivyofungwa kwenye fimbo za chuma zilizoshuka hadi chini ya kisima. Ngozi ikikauka, pampu hupiga kelele za bure na ngamia wanasubiri. Msimamizi wa karakana, mtu mfupi wa maneno makali, aliniambia, "Usipende shati lako kuliko ngozi hizo." Shati lenyewe halikumaliza wiki.

Baadaye nikapelekwa Dadaab. Kambi za wakimbizi hazikuwapo wakati huo. Palikuwa na kisima, injini ya dizeli, mahori ya kunyweshea mifugo na maduka machache. Mkubwa wangu huko alikuwa Mkuu wa Visima, Mzungu kutoka Australia. Kiswahili chake alikiokota kwa mafundi, na kila tukipumzika alikitumia kukumbuka kwao.

"Kwetu, Adan, asubuhi nafungua mlango, maziwa iko. Mtu ya farasi ameleta, mimi nimelala."

Alinieleza juu ya nyaya za kuanikia nguo, zilizofungwa juu ya mlingoti mmoja na kuzunguka kwa upepo, na watoto waliozishika wakibembea mpaka mama atoke na ufagio. Alisema Jumamosi kila mwenye nyumba hukata nyasi za uani kwake.

"Halafu ng'ombe wanakula?" nikamuuliza.

"Hapana. Natupa."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Kisha nikaona macho yake yamelowa. Mtu alikuwa anakumbuka kwao, na mimi nacheka nyasi.

Kwa hamu hiyo, asubuhi moja aliweka chupa tupu mlangoni na sarafu chini yake, kama walivyofanya kwao. Aliyeiona ni Eedo Halima, mjane aliyenywesha ngamia wake kisimani petu. Eedo ni shangazi. Ndivyo sote tulivyomwita. Enzi hizo kuuza maziwa kulikuwa aibu kwetu, na mgeni akiweka chombo kitupu nje, maana yake ni kwamba hajanywa kitu. Eedo akaijaza maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi kwa vile vyombo vyetu hufukizwa, akaiacha sarafu pale pale. Ikawa ndiyo ada ya kila asubuhi. Mkuu naye akawa anampelekea majani ya chai na sukari, na wakaheshimiana hivyo bila mazungumzo.

Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, kati ya serikali na waliotaka mkoa wetu uungane na Somalia. Mimi nilivaa kofia ya serikali na kuongea Kisomali, kwa hiyo kila upande ulinitazama mara mbili. Kisha ikaja amri kwamba watu wote wakusanywe ndani ya kijiji kilichozungushiwa waya, karibu na kisima. Ngamia wa Eedo walichukuliwa, akabaki na mbuzi mmoja. Maji yakawa ya kugawiwa, debe moja kwa kila nyumba kwa siku, na aliyeshika koki nilikuwa mimi. Watu wa umri wa mama yangu walisimama juani mbele yangu, askari nyuma yangu. Niliona haya kuwatazama usoni, nikawa naitazama koki.

Chupa iliendelea kujaa, sasa maziwa ya mbuzi. Siku moja Mkuu alimwona Eedo kwenye foleni, amekonda, akaelewa maziwa yale yalikuwa yakitoka wapi. Akaiondoa chupa mlangoni.

"Mimi siwezi kunyonya huyu mama," aliniambia. Nami nikaona amefanya uungwana.

Asubuhi iliyofuata Eedo alifika kwenye koki, akaliweka debe chini bila kulikinga.

"Adan, chupa iko wapi?" aliniuliza kwa Kisomali.

"Eedo, ameona hali yako ni ngumu. Amekuhurumia."

"Amenihurumia?" Hakupaza sauti. "Ngamia wamechukua. Njia wamefunga. Hata kuokota kuni naomba ruhusa. Nilichobakiwa nacho ni mgeni, na huyo naye mnaninyang'anya? Wallahi, mwambie nyumba yangu bado ina mgeni."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimfasiria Mkuu neno kwa neno, akaketi juu ya pipa la dizeli, uso umemwiva. "Mimi mjinga," alisema. Chupa ikarudi mlangoni siku ile ile.

Haukupita muda mrefu yule mbuzi akafa, na Mkuu akaitwa aondoke. Lori lilipokuwa likipakiwa, Eedo alikuja na chupa mkononi. Ilikuwa na maji. Alisema kwa Kiswahili chake cha dukani, pole ikitoka bole kinywani mwake, "Kunywa, bwana. Bole, leo maji tu ndio iko. Wewe mgeni yangu."

Mkuu alivua kofia. Akanywa taratibu mpaka chupa ikaisha, akafuta midomo kama mtu aliyekunywa maziwa, akamshukuru kwa Kisomali, "Mahadsanid, mama." Askari mmoja alicheka. Mimi niligeukia injini nikajifanya nakaza nati ambayo haikuwa imelegea.

Nilitumikia visima vingine vingi, hadi Kutulo kule kaskazini, chini ya wakubwa wengi, wema na wakorofi, mpaka nikastaafu na kupewa saa ya ukutani. Sasa naishi Galbet, hapa Garissa mjini, na maziwa huja kwa pakiti kutoka dukani. Watu huniambia nijivunie, maana nimewapa watu maji maisha yangu yote. Nawashukuru, nabadilisha mazungumzo. Siku ile Mkuu alipoondoka, niliyempimia Eedo maji ni mimi. Ile chupa ilitoka kwenye debe lake, na sikumwongezea hata kikombe.