Radhi za Mama kwa Safari ya China

Katika ukoo wetu hapandi mtu ndege bila ya radhi za mama yangu. Unaweza kuwa na viza, tiketi na sanduku lililokwishafungwa. Yeye akinuna, huendi. Kaka yangu anayekaa Ibra aliwahi kuahirisha safari kwa sababu hiyo, na ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Kwa hivyo binti yangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma China, sikuogopa masomo wala baridi. Nilimuogopa bibi yake. Mama alilisikia neno China, akaweka chini kikombe cha kahawa, akasema, "Nisomeeni kwanza hao Wachina watu gani. Ndipo nitoe radhi."

Binti yangu kazaliwa hapa Nizwa, kasoma kwa Kiarabu, na Kiswahili chake ni cha kubahatisha, lakini ana bidii. Kila baada ya sala ya alasiri alikuja na kitabu cha Kiarabu cha historia ya China, akamfasiria bibi yake, nami nikimsaidia. Mama Kiarabu anakijua, ila mambo mazito huyataka kwa Kiswahili. Mwanzo tulicheka sana. Mama alimpenda yule mfalme wao wa mwisho, mtoto aliyeondolewa kwenye kiti cha enzi hata hajui kwa nini, akataka kujua nani alikuwa akimuogesha.

"Watu wanashikwa njiani, Bibi, wanakatwa nywele," alisoma binti yangu. "Mkia ile ndefu ya nyuma. Yaani ilikuwa alama ya mfalme, khalas, hawaitaki tena."

"Kwetu zilikuwa ndevu," akasema mama.

Mama aliondoka Unguja bado mwari, baada ya mapinduzi, na umri wangu wote sijamsikia akizisimulia siku zile. Ukimuuliza, hukwambia mchuzi umezidi chumvi.

Kitabu kikafika kwa wanafunzi waliojaa barabarani wakipiga kelele nchi yao isigawiwe wageni. Mimi niliwaunga mkono, nikasema vijana wale walikuwa na haki. Mama akauliza kama walikuwa wakiimba. Kisha vikaja vyama viwili, wazalendo na wakomunisti, leo wanakula sahani moja, kesho wazalendo wanawasaka wenzao nyumba kwa nyumba. Binti yangu alikuwa akiwachanganya. Mama hakumchanganya mtu, na swali lake lilikuwa moja tu kila siku: "Na majirani?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona vibaya. Mama akawa anashinda ndani na buibui lake mwilini, kama anayengoja kutoka mbio, mchana, joto la Nizwa na kiyoyozi kakizima apate kusikia nje. "Mama, hapa kwetu," nilimwambia. "Hao wanaopita wanatoka msikitini." Akasema anajua, na hakulivua. Nilikasirika. Nilitamani kukitupa kitabu kile kwenye mfereji wa falaji. Halafu nikajikuta na mimi nasikiliza nyayo za wapita njia, nikaogopa kweli.

Wakomunisti wakashinda, wazalendo wakakimbilia kisiwani. Wenye mashamba wakaletwa uwanjani, wanakijiji wasimame mmoja mmoja waseme mabaya yao. Binti yangu alisita kidogo, akitafuta neno.

"Wa mwanzo kusimama alikuwa yule waliyemlea wao wenyewe," akasema mama.

"Wallahi ndivyo hapa ilivyoandikwa! Bibi, umejuaje?"

"Funga kitabu, mwanangu."

Hakikufunguliwa tena, na radhi hazikutoka. Siku ya safari ikafika. Gari liko mlangoni, mume wangu anaitazama saa kwa sababu ya msongamano wa magari njiani Bidbid, binti yangu macho yamemvimba kwa kulia. Mama akatoka chumbani na Msahafu, akaunyanyua kwa mikono miwili pale mlangoni, kama wafanyavyo wazee wetu ili msafiri apite chini yake.

"Radhi zangu unazo," alimwambia mjukuu wake. "Hao ni watu kama sisi."

Binti yangu akapita, akambusu mkono, akakimbilia garini. Nilishusha pumzi. Nikanyoosha mikono nimpokee mama Msahafu.

Hakuushusha. "Na wewe pita."

"Mimi sisafiri, Mama. Namsindikiza tu, jioni nimerudi."

"Na sisi siku ile hatukuwa tukisafiri. Pita."

Nikainamisha kichwa, nikapita.