Moduli ya Samaki

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika ushirika wa wavuvi, Gisenyi, mpakani na Goma. Programu yangu ya kujumlisha kilo za sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, ikikubali mbele ya mkurugenzi, ningeajiriwa. Ikigoma, ningerudi sebuleni kwa shangazi, mimi na shahada yangu. Niliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta niliyojifunza Dar es Salaam kutoka kwenye sidii ya kuazima.

Jumatatu, saa moja kabla mkurugenzi hajafika, nikaiendesha. Kompyuta ikasema hakuna moduli inayoitwa samaki. Moduli yenyewe ilikuwa faili la pili, lenye hesabu zote. Faili la kwanza huliita lije kusaidia. Ijumaa liliitwa, likaja.

Nikashuku virusi. Kisha herufi kubwa kwenye jina la faili. Kisha unyevu wa ziwa, nikaipapasa kompyuta kama mtoto mwenye homa. Nikaiondoa Python, nikaiweka upya. Wapi! Nikaanza kujiuliza kama faili lile niliwahi kuliandika, au nililiota tu.

Katibu wetu, mama aliyerudi kutoka Goma, akaingia na thermosi ya chai.

"We petit, jasho ya nini na hii baridi?"

"Mama, faili langu limepotea. Linaitwa samaki."

"Ah, ile? Iko! Jumamosi si ilikuwa umuganda, kazi ya bote? Banaume balikata majani inje, mi nikasafisha kompyuta. Mafaili yako ilikuwa inazagaa sawa nyumba ya célibataire asiye na bibi! Samaki nikaitia mu dosiye ya samaki. Donc, iko kwa fasi yake."

Python hutafuta moduli kwenye folda ilimo programu na mahali pachache palipotajwa; haikisii. Ningeweza kulirudisha faili, lakini mama alikuwa amesimama pale kwa fahari, na Jumamosi nyingine angelihamisha tena. Nikaongeza mstari mmoja: tafuta pia kwenye dosiye, yaani folda, ya mama. Kilo zikajitokeza mkurugenzi akifungua mlango.

Akazisoma hadi mstari wa mwisho. "Mm. Njoo kesho." Akatoka.

"Mama, kesho nije kufanya kazi, au kuchukua vitu vyangu?"

"Vitu gani? Uko na kalamu moja, na ni yangu. Kunywa chai, kesho unakuja ku kazi."