Kipima Ulevi na Bibi wa Mtinko

Usiponiamini, shauri yako. Mimi ni mlokole, pombe sijaionja tangu nizaliwe, na haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, miaka ile mabasi ya watu binafsi yalipoanza kujaa Singida.

Tajiri wetu alileta kidude kutoka ng'ambo: kipima ulevi. Dereva anapuliza kwenye mrija. Kikinusa pombe kinalia, na usukani huushiki. Mimi nilikuwa nimepewa basi jipya, kesho yake safari ya kwanza. Nikaenda Mtinko kumuaga mama.

Karibu na nyumbani nikamkuta bibi mmoja amekaa kando ya njia, mapajani ana kibuyu chenye ufa ulioshonwa kwa ukanda wa ngozi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unasafiri. Sogea nikubariki."

Akapiga funda la pombe ya mtama, akanipulizia kifuani, puu! Kwetu wazee hubariki safari hivyo. Ulokole wangu ulikataa, lakini baraka ya mzee unaikwepaje? Nilipoinua uso nimshukuru, hayupo. Uwanda mtupu, hata kichaka cha kujificha hakuna.

Nilipomweleza mama, akaketi chini. "Kibuyu hicho ni cha bibi yako. Tulimzika nacho kabla hujazaliwa."

Asubuhi nimeoga, nimebadili shati, nimepuliza. Kidude kikalia. Nikasukutua, nikapuliza tena. Kikalia! Wenzangu wakapuliza, kimya. Tajiri akanitukana mbele ya abiria, "Mlokole wa chupa wewe!" Funguo akampa Saidi, rafiki yangu. Saidi akanipiga bega. "Usijali, kaka, nakutunzia gari lako."

Hakurudi. Tairi la mbele lilipasuka mteremkoni. Abiria waliumia, Saidi akafa palepale.

Watu wananiambia nimshukuru bibi. Nimshukuru? Mpaka leo nikipuliza kinalia. Hakuna tajiri anayenipa gari, nalima alizeti. Na hilo ni dogo. Nilipomsimulia mjane wa Saidi yote haya, aliniuliza, "Kwani funda lake lisingetosha wawili?" Inaniuma, jamani, inaniuma.

Kwa hiyo wewe dereva unayenisikiliza, ukimkuta bibi huyo njiani usijisumbue kumkimbia. Mwamkie, usogee, halafu mshike mkono. Mwambie apulizie na gari, na wenzako wote, kabla hajaziba kibuyu.