Mchina Anasema Chimba

Kama hujawahi kufika Mamba, kule juu milimani Upareni, basi hujamsikia Sadock akiongea, na masikio yako yashukuru. Ni dalali wa tangawizi. Vyombo vyake vya kazi ni mdomo, simu na kofia, na hiyo kofia alipewa na wanunuzi. Zamani kidogo, Wachina walipokuwa wakitengeneza barabara kule tambarare, Sadock alipata kibarua cha kushika kibendera: chekundu magari yasimame, kijani yapite. Hakumaliza hata msimu mmoja wa mahindi. Lakini alivyopanda mlima kurudi nyumbani, ungedhani anatokea Beijing. Eti injinia mkuu alikuwa hamwagi kifusi kabla hajamuuliza Sadock. Eti Kichina kwake ni kama kunywa uji. Nani ambishie? Mamba nzima hapakuwa na Mchina wa kumpima.

Aliyekuja kumpima alikuwa wa damu yake mwenyewe. Elinaza, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa chuo anasoma Kichina, cha darasani, siyo cha kibendera. Likizo ndefu ilipokaribia akachaguliwa kwenda China kwa mafunzo ya vitendo kwenye kampuni ya tangawizi, jimbo la Shandong. Angekaa na familia ya huko, ale chakula chao, alale na lugha yao na kuamka nayo. Kijiji kikafurahi. Mama yake, Hedwiga, alifurahi kwa midomo tu, maana goti lake lilikuwa bovu na kiangazi kilikuwa mlangoni.

Kiangazi cha Mamba tangawizi huishi kwa ndiva, lile bwawa walilojenga wazee wa zamani. Maji ya mfereji hulala humo usiku, asubuhi hufunguliwa, kila kaya inanywesha kwa zamu. Na zamu hainunuliwi. Jumamosi pembe ya msaragambo ikilia, kila kaya itoe mtu na jembe, tope la ndiva litolewe. Usipotoa mtu, maji yatapita pembeni ya shamba lako yakikupungia mkono. Mtu wa kaya ya Hedwiga alikuwa Elinaza huyo huyo. Akienda China, nani ataingia topeni? Na tangawizi ikikauka, binti atarudi chuo kwa kitu gani?

Ikaitwa kesi ya ukoo, maana Mpare hata jogoo hachinji bila kikao. Wakaongea wa kulia, wakaongea wa kushoto, makande yakaliwa, yakaongezwa. Mwisho mzee mmoja akasema binti abaki, China haiendi popote. Elinaza akainamisha kichwa.

Hapo Sadock, ambaye alikuwa ameshiba vizuri, akasimama na kurekebisha kofia.

"Mtoto aende. Msaragambo wake nitachimba mimi. Mimi nimechimba barabara na Wachina, hiyo ndiva yenu kwangu ni bakuli."

Beatha, mwenyekiti wa kamati ya maji, alimtazama viganja, ambavyo vilikuwa laini kama maandazi.

"Sadock, umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

"Ukikosa, maji ya Hedwiga nayafunga mimi mwenyewe."

"Mama, wewe andaa maji tu."

Elinaza akaondoka. Jumamosi ya kwanza Sadock alifika ndivani wenzake wakinawa miguu. Akamlaumu mteja wa tangawizi aliyemshika kwenye simu. Jumamosi ya pili aliwahi, tena na jembe jipya, ila alilishika kama mhubiri anavyoshika kipaza sauti, akawaeleza wachimbaji namna Wachina wanavyojenga mabwawa, mpaka jua likapanda na kila mtu akawa ametoa tope lake isipokuwa yeye. Kipande cha Hedwiga kilikuwa kona ile ya mlango wa maji, pale tope linapojikusanya likawa zito kama ugali wa msibani. Beatha akamwita Hedwiga pembeni. Akamwambia Jumamosi inayokuja ndiyo ya mwisho, baada ya hapo zamu za maji zinapangwa, na kona ile ikibaki vile, asijisumbue kuja kuuliza.

Usiku Hedwiga akampigia binti yake amwambie ajiandae kurudi, shughuli ya huko haina budi kuishia njiani. Elinaza akamwomba mama asilie, na Jumamosi aende ndivani na simu yenye chaji.

Jumamosi hiyo Sadock alikuwa chini ya migomba, amekaa juu ya karai lililofudikizwa, anawasimulia watu jambo. Hedwiga akamjia akichechemea, simu mkononi. Kwenye kioo alikuwepo Elinaza, na ubavuni kwake mzee wa Kichina mwenye nywele nyeupe na kikombe chenye kifuniko. Nyuma yao wamejipanga mke, wakwe na wajukuu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko?"

"Sijambo. Huyu ni Mzee Liu, ndiye ninayekaa kwake. Amelima tangawizi maisha yake yote. Nimemwambia una Kichina, na kwamba hiyo ndiva wewe ndiye unayeichimba. Wamekusanyika wakuone kazini."

Majembe yote yakasimama. Sadock akatazama kulia, kuna watu; kushoto, kuna watu; mbele, kuna China. Mtu angefanya nini? Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia konani na tope likamshika magoti.

Mzee Liu akasema maneno. Msaragambo mzima ukamgeukia Sadock.

"Amesemaje?" Beatha akauliza.

Sadock akajifuta jasho ambalo lilikuwa bado halijatoka. "Eli, wafasirie wewe," akasema. "Mimi nikifasiri wataona najidai."

Yaani Sadock! Watu wakafunika midomo.

"Anasema chimba hapo pembeni," Elinaza akafasiri. "Umeruka tope."

Akachimba. Mzee Liu akatikisa kichwa, akasema tena, safari hii kwa upole. Elinaza akafasiri kwamba huko kwao jembe halishikwi hivyo, hivyo ni kushika mwiko. Sadock akashusha mikono, akachimba. Karai likajaa, likapokelewa, likarudi. Kofia ikaanguka topeni na hakuna aliyemwokotea. Kila alipotaka kunyoosha mgongo, China ikawa na neno, na kila neno likageuka kuwa chimba. Angesema nini? Kukataa tafsiri ni kukiri kwamba amekaa miaka yote akidanganya kijiji.

Jua lilipofika utosini, Mzee Liu akasogea karibu kabisa na kioo. Akapiga kifua chake kama mtu anayeonea huruma kifua cha mwenzake, akainua kikombe, akasema "shiushi." Akarudia, "shiushi, shiushi."

Sadock akaganda. Neno hilo alikuwa analijua! Kule barabarani, msimamizi akilitamka mchana, sururu zote zilikuwa zinadondoka na watu wanakimbilia kivulini. Lilikuwa neno moja tu la Kichina lililowahi kuingia moyoni mwake, na maana yake ni pumzika.

"Anasema usilegeze," akafasiri Elinaza, uso mkavu.

"Mtoto muongo!" Sadock akapaza sauti. "Huyo mzee anasema nipumzike! Mpaka chai ananionyesha!"

Weee. Msaragambo ukapasuka. Mmoja alikaa topeni kwa kucheka, na Beatha, mwanamke ambaye hacheki hata harusini, akaegemea jembe mabega yakimtikisika.

"Sadock," akasema alipopata pumzi, "yaani Kichina chako chote kimekuja siku ya kazi, tena neno lenyewe pumzika?"

Sadock akaapa kwa jina la mama yake. Wakazidi kucheka. Miaka yote amedanganya wakamwamini. Leo amesema kweli na hakuna hata kuku aliyegeuza shingo. Akaitazama simu. Elinaza alikuwa ameuma mdomo. Akajua kwamba mtoto anajua kwamba yeye amejua.

Kisha Elinaza akaacha kuuma mdomo, akashusha sauti.

"Baba mdogo, hili siyo la Mzee Liu, ni langu. Mama hawezi kuingia humo. Ukitoka kabla tope halijaisha, mimi nafunga begi leo."

Sadock akamtazama shemeji yake. Hedwiga alikuwa hacheki. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mzima, ameishika simu kwa mikono miwili, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba chombo cha kuazima. Kelele za watu zikapungua. Sadock akatema mate viganjani, na viganja vikamchoma maana vilishatoka malengelenge.

"Mwambie Mzee Liu nimemwelewa vizuri," akasema. "Amesema chimba."

Akachimba. Mzee Liu akaendelea kusema shiushi mpaka mkewe akamvuta kiti akae, na familia yote ikabaki kushangaa jinsi watu wa Upareni wasivyojua kuchoka. Jioni Beatha akateremka konani na fimbo, akaichomeka huku na huku akitafuta tope, fimbo ikagonga mawe waliyoyapanga wazee. Hakumpongeza mtu. Alimwambia Hedwiga tu kwamba awahi asubuhi, zamu ya kwanza ni yake.

Asubuhi maji yalifika shambani yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Udongo ukayanywa kwa pupa kabla hayajafika katikati ya tuta. Hedwiga akawa anayaelekeza kwa kisigino, tuta kwa tuta, taratibu kwa ajili ya goti, na akampigia binti yake amsikilizishe yanavyotembea. Elinaza akamwambia hajafunga begi.

Sadock alikuwa kitandani, kalala kifudifudi. Wateja wawili walipopita kumuulizia, mkewe aliwaambia kama alivyotumwa: mzee yuko kwenye kikao na Wachina, wamwache kwanza.