Kisima cha Shangazi na Magugu ya Bwawani

Simu ya shangazi Mwajuma ndiyo iliyonitoa Tegeta. Karakana iliyo jirani naye kule Mbagala huloweka nguzo za mbao kwenye dawa ya mchwa, na alisikia kwamba maji machafu yake yanamwagwa bwawani, nyuma ya nyumba yake. Kisima chake hakiko mbali na bwawa hilo. Binti yake Zuhura, mjamzito wa miezi sita, hunywa maji ya kisima hicho. Baadhi ya dawa za mbao zina aseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu. Mimi napima maji katika maabara, najua. Sikungoja.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka na chupa safi kwenye begi. Foleni ya magari pale Mwenge ilinishika karibu saa nzima. Saa nne kasoro nikafika.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Mie naona wametutisha bure. Njoo uone.”

Bwawa lilikuwa limefunikwa na magugu maji mabichi, yenye maua ya zambarau.

“Kungekuwa na sumu, haya si yangekufa?”

Nilivaa glavu, nikang'oa gugu moja, nikamwonyesha mizizi.

“Sumu huingia humu, shangazi. Mmea huifungia kwenye vijumba vidogo ndani ya mizizi, isiuharibu. Ndiyo maana majani yanastawi.”

Zuhura, aliyesimama mlangoni, alishika tumbo. “Kwa hiyo mie nimeinywa?”

“Sijui bado, mdogo wangu. Kwa sasa mkanunue maji dukani.”

Nilichota maji ya bwawani na ya kisimani, nikafunga na mizizi ile.

Saa nane nilianza kurudi. Njia nzima sikukumbuka nilipopita. Nilikuwa namwona Zuhura tu.

Siku ya nne majibu yakatoka. Maji ya bwawa yalikuwa na aseniki, na mizizi ilikuwa nayo nyingi zaidi. Kisima hakikuwa nayo. Nilirudia kipimo mara mbili, kisha nikapiga simu.

“Kisima ni salama, shangazi. Bwawa msiliguse, majibu nampelekea afisa mazingira.”

Kisha nikamsikia akilia na kucheka kwa pamoja.

Nimejifunza kwamba mmea ukistawi majini, umejiokoa wenyewe tu. Usalama wa mtu hupimwa kivyake. Zuhura alichukua simu, akasema kwa sauti nyepesi, “Dada, mtoto anacheza.”