Jicho Langu na Mshale wa Shabani

Enzi zetu pale Kinyangiri, mshale wa kuchezea haukununuliwa dukani. Ulikata bua la mtama, mbele ukachomeka mwiba wa mgunga, nyuma unyoya wa kanga, basi. Tumetumwa kufukuza ndege kwenye uwele, na sisi tunalenga kibuyu kibovu tulichokitundika kwenye boma la ng'ombe. Ndege wanakula, mama anatuuliza toka jikoni kama jioni tutapika hivyo vishale.

Mwalimu wetu alikuwa Shabani, mkubwa kwetu wote. Alijua kweli, hilo simnyimi. Fumba jicho la kushoto, anasema, usitazame mwiba, tazama pale unapotaka uingie. Kiwiko kitulie. Usirushe kwa hasira. Mpaka leo nikishika kishale nasikia sauti yake, na hilo ndilo linaniuma.

Siku hiyo kibuyu cha kutundika kikamchosha, akataka kiwe kichwani kwa mtu. Mdogo wake, Nkinga, akanisukuma mbele, akasema nikiogopa nikacheze na wasichana. Nikasimama. Nzi wananitembea mdomoni na sithubutu kuwafukuza. Shabani akafumba jicho lake. Mwiba ukaingia kwenye langu.

Hata sijalia vizuri, kanishika shingo. "Sema umeangukia miiba ya boma. Ukinitaja, huchezi na sisi tena."

Nikasema boma. Baba akanichapa kwa kupanda boma, jicho linavuja. Mama kaenda kaburini anajua ni boma.

Siku hizi baa moja hapa Ikungi ina ubao wa vishale, na taa yake juu. Vijana wanarusha vya chuma, mkono wa pili umeshika simu, wanatoboa ukuta. Mimi napiga katikati. Shabani yuko kwenye kona na kofia yake, mzee wa kupewa shikamoo, anawaambia, "Huyo nilimfundisha mimi. Tena yeye hapati hata shida ya kufumba." Wanacheka. Na mimi nacheka.

Juzi kijana mmoja kaniamkia, kaniuliza kwa adabu, "Baba, hilo jicho ilikuwaje?"

Shabani akaacha kunywa. Mtu mzima mimi, nina wajukuu.

"Miiba ya boma," nikasema.

Zamani nilidanganya nisifukuzwe mchezoni. Sasa mchezo wenyewe umekufa, palipokuwa na uwele wetu wamepanda alizeti, boma lenyewe lilishaliwa na mchwa, na mimi bado nalisingizia.