Nilimfukizia mume wangu udi asubuhi aliyokwenda kuhamisha nyuki

Wakuu, habari za humu. Wenye kuniamkia, marahaba zenu hizo hapo, nimezitoa kwa jumla.

Jana nimeona uzi wa kijana anauliza namna ya kuingiza nyuki kwenye mzinga mpya. Nikasoma majibu, nikacheka, kisha nikakosa raha. Kuna jambo sijawahi kulitoa nje ya nyumba yangu. Leo nalitoa. Sio chai ya kutunga, na mwenye haraka apite tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Mimi mtoto wa Bagamoyo mjini nikaolewa Mkange. Kwa macho yangu ya wakati ule, pori tupu! Ndoa ilikuwa haijamaliza hata miezi miwili.

Sasa nyie wa leo mnajipulizia pafyumu mnaondoka. Sisi tulifundwa hivi: mume hatoki mlangoni mpaka umfukizie nguo. Unawasha makaa kwenye chetezo, unatia udi, unafunika tenga, unatandaza nguo juu, moshi unaingia. Halafu tone la manukato ya halud shingoni. Akipita, watu wajue huyu ana mke.

Bwana wangu Athumani alikuwa mtu wa mizinga, kama marehemu baba yake. Mwaka ule moto wa porini ulikuwa umeunguza mizinga yao yote. Kwa hiyo kundi la nyuki lilipotua kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, bonge zima limening'inia, alikuwa haishi kutoka na kulitazama. Akachonga mzinga wa gogo, akaupaka nta kwa ndani, akaufunga kwenye mti wa pembeni.

"Hawa wakikubali kukaa, tumeanza upya," akaniambia.

Asubuhi ya kuwahamisha, mama mkwe amekaa barazani anachambua mchele. Nami kiherehere! Nilitaka aone kuwa mkwewe kafundwa. Shati na kikoi nikavifukiza sawasawa, nikamletea mume wangu palepale mbele ya mama yake, na halud nikampaka.

Akalishika lile shati. Akanitazama kidogo.

"Ahsante, mke wangu." Akavaa, akaenda.

Kaka yake, shemeji Kibwana, alikaa chini ya mti akishika makumbi ya nazi yanayofuka moshi. Athumani akapanda na kapu. Mimi nachungulia dirishani.

Alipofika usawa wa lile bonge, mvumo ukabadilika. Sijui niueleze vipi. Ulikuwa mzito, ukawa mkali. Mara shingo yake siioni, imejaa nyuki.

Weee! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akaanguka. Kibwana akamtupia blanketi, akamburura mpaka ndani, tukafunga kila tundu.

Jamani, uso ulivimba macho yakapotea. Anavuta pumzi kwa kukwangua, kama mtu anayesugua sufuria. Kibwana anaikwangua miiba kwa kisu, mimi nampepea. Hospitali iko wapi? Mama mkwe akaanza kusoma Yasini, sura anayosomewa mtu anayekata roho. Nilipoisikia, nikakaa chini.

Ghafla Kibwana akainama, akanusa.

"Lahaula! Nani kamtia manukato mtu anayekwenda kwa nyuki?"

Mama mkwe akaacha kusoma, akanigeukia. Wakuu, nilitaka kusema, wallahi nilitaka, ulimi ukagoma. Nikajua akifa huyu nimemuua mimi.

Pale kitandani, midomo imevimba hivi, Athumani akasema, "Mimi. Nilimwomba mimi."

Alikuwa anasema uongo, na pumzi yenyewe hana.

Mama mkwe akarudi kwenye Yasini. Mchana ule ulikuwa kwangu kama mwaka. Karibu na magharibi pumzi ikaanza kulainika, akaomba maji. Nililia mbele ya wakwe bila haya.

Nyuki? Kesho yake Kibwana aliwafuata na nguo yake ya shamba, haina harufu ila ya jasho. Akatega kapu, akatikisa tawi mara moja, bonge likadondoka, akawamimina mzingani. Malkia alikuwemo, maana waliobaki nje walimfuata wenyewe. Siku ya tatu tukawaona wanaingia na chavua miguuni. Wamekaa.

Athumani alipoweza kukaa kitako, nikangoja mama mkwe atoke.

"Ulijua kuwa nyuki hawataki harufu ile?"

"Nilijua tangu navaa."

"Sasa ukavaa ya nini?"

"Mama alikuwa anatazama. Ningelikataa, ungeaibika."

Wakuu, hasira niliyoipata sijapata tena. Nilimwambia, "Mwanamume wewe, aibu ningelia siku moja. Eda ningekaa miezi minne na siku kumi!"

Akacheka, uso bado umevimba. Mimi sikucheka.

Somo langu kwa kijana wa jana: nguo safi isiyo na harufu, moshi wa kutosha, mkono wa taratibu. Na nyie mliooana, mwenzio akikosea mwambie hapohapo, hata mamako awe amekaa mbele. Heshima ya kunyamaza nusura inifanye mjane wa miezi miwili.

Nanyi je, nani hapa alishanyamaza kwa kumstahi mwenziwe, ikawa balaa? Andikeni, nasoma zote, ila polepole, macho yamechoka.